Kadi Mbili za Kliniki

Katika nyumba moja ya Lamadi, upande wa kushukia ziwani, niliwahi kuonyeshwa kadi mbili za kliniki zilizotunzwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Moja ilikuwa mpya, nukta za uzito wa mtoto ndiyo kwanza zimeanza kupanda. Nyingine ilikuwa imechanika kwenye mikunjo, imekula moshi wa jikoni hadi ikawa na rangi ya chai ya rangi. Nilidhani ni ya mtoto mwingine wa binti aliyekuwa ameketi mkekani akinyonyesha. Mama yake akanisahihisha.

"Hiyo ni yake mwenyewe. Sikuitupa."

Binti alikuwa na miaka 16. Niliziweka kadi zile pajani, nikafuata mistari kwa kidole. Mstari wa binti huyo ulikuwa umeshuka ghafla alipokaribia miezi 9, labda kwa homa, labda kwa njaa ya msimu ule, kisha ukapanda tena. Kuna mtu aliyembeba mgongoni mwezi baada ya mwezi hadi kwenye mzani, akajali gramu zake. Mtu huyo alikuwa bado hai, ameketi mbele yangu akichambua dagaa kwenye ungo, na kadi ya binti yake hakuitupa.

Nimekuwa nikiifikiria ile kadi kila ninaposikia watu wakizungumzia "mabinti waliozalia nyumbani". Tunazungumza kana kwamba malezi yana kipenga cha mwisho. Tumbo likionekana, kipenga kinalia, na wale waliokuwa walezi wanageuka kuwa waamuzi. Baba ananyamaza wiki nzima. Shangazi anatumiwa ujumbe aje amchukue. Neno linalosikika zaidi ni moja: "Ameshakuwa mtu mzima." Hajawa mtu mzima. Ni mtoto aliyezaa, na ndani ya nyumba hiyo sasa wapo watoto wawili wa kulelewa. Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema, na ninayaelekeza kwanza kwa Wakristo wenzangu, kwa sababu sisi ndio tunaokiri kila Jumapili kwamba hakuna mtoto asiyekuwa na Baba.

Asiyeijua Lamadi aelezwe kidogo. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, pale barabara ya kwenda Bariadi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Upande mmoja una Ziwa Victoria, upande mwingine mbuga ya Serengeti, na lango la Ndabaka haliko mbali. Malori yanalala hapo. Wavuvi wanaingia na kutoka kwa mwezi: giza likiwa nene wanavua dagaa kwa taa, mbalamwezi ikitawala wanatulia nchi kavu na fedha zao mfukoni. Pamba ikiuzwa katikati ya mwaka, wakulima nao wanashuka na fedha zao. Na mabinti wanatoka vijijini Bariadi, Itilima na Meatu kuja kuwa dada wa kazi, kuosha vyombo kwa mama lishe, kutandika vitanda katika nyumba za wageni. Wengine ni wanafunzi waliopanga chumba mtaani, geto kama wanavyoliita, kwa sababu shule iko mbali na nyumbani. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajifungia mlango, anajiamsha, na Ijumaa unga umekwisha.

Tuna methali ya asiyefunzwa na mamaye, kwamba hufunzwa na ulimwengu. Huwa tunaitamka kama hukumu kwa binti na mama yake. Pale Lamadi ulimwengu huo una sura za watu ninaowajua: mwenye bodaboda anayetoa lifti ya bure wiki ya kwanza, mwenye duka anayekopesha taulo za kike na daftari, dereva anayeuliza jina, jirani mwenye mke na watoto. Wote walipata nafasi ya kumfunza. Sisi waumini tulikuwa wapi wakati darasa hilo linaendelea?

Takwimu za taifa zinasema utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshawahi kupata mimba. Utafiti uliotangulia, wa 2015 na 2016, ulikuta asilimia 27. Imepungua, na tushukuru. Lakini ukiwapanga wasichana wa umri huo kwenye mabenchi ya kanisa, zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila watano anaguswa, na kwenye mabenchi yetu huwaoni, kwa maana wameacha kuja.

Wanaacha kuja kwa sababu ninayoijua vizuri mno. Nilikuwa mzee wa kanisa katika kanisa moja ambalo sitalitaja. Binti wa kwaya, mwenye sauti ya pili, aliitwa mbele ibada ilipokaribia kwisha. Hakuambiwa aseme kitu. Jina lake lilisomwa, ikatangazwa kwamba ametengwa hadi atakapotubu na kurudi kundini, akaambiwa akaketi nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwa karibu na mlango; alipita kiti, akapita mlango. Kijana aliyempa mimba alikuwa anapiga gitaa Jumapili ileile. Nusu yetu tulijua. Mimi nilijua. Nilikunja karatasi ya matangazo, nikaitia mfukoni, nikasimama kuimba wimbo wa kufungia. Sikupata kumfuata binti yule. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda Mwanza, na habari zake ziliishia hapo.

Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Nasema nidhamu inayowapata wenye tumbo pekee haijawa nidhamu ya dhambi. Ni nidhamu ya kile kinachoonekana. Na kumlea mtu huku umemfukuza haiwezekani, kama vile usivyoweza kumpima uzito mtoto ambaye hukumleta kliniki.

Ufukwe huu una historia ya kutufundisha. Nassa, iliyomo leo ndani ya Busega hii hii, ndiko kanisa linaloitwa leo Africa Inland Church Tanzania linakohesabu mwanzo wake, mwaka 1909. Injili imekaa kwenye ufukwe huu zaidi ya miaka 100. Imejenga shule, zahanati na makanisa yenye mabati yanayong'aa kutoka barabarani. Watu wa hapa wanajua kanisa linaweza kufanya kazi ngumu ya mikono. Na kwa mabinti hawa, kazi ya mikono ndiyo inayotakiwa.

Zipo huduma zilizoanza. Compassion International, iliyoingia Tanzania mwaka 1999, hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, na pamoja na vituo vyake vya watoto ina huduma ya kunusuru maisha ya mama na mtoto mchanga, ambamo mama hutembelewa nyumbani tangu akiwa mjamzito. Young Life, huduma ya vijana iliyoanzia Texas, Marekani, mwaka 1941, ina tawi la mama vijana liitwalo YoungLives, na msingi wake unaeleweka hata kwa bibi asiyejua kusoma: kila binti apate mama mmoja mkubwa wa kumshika mkono. Sizitaji ili tungoje mfadhili. Ninazitaja kwa sababu zote mbili zimegundua kile ambacho bibi zetu walikijua, kwamba mzazi mchanga anahitaji mtu kuliko anavyohitaji kitu.

Nimewaona akina mama wa kanisa wakifanya hivyo Jumamosi, bila bango wala gari. Mikeka miwili, sufuria ya uji, beseni, maji ya vuguvugu. Mama mmoja mnene anamuogesha kichanga mbele ya mabinti saba. Anaweka kiwiko majini kwanza. "Kiwiko, mayu, siyo kiganja. Kiganja chako kimezoea moto." Kwa Kisukuma hata binti mdogo huitwa mayu, mama, na siku ile neno lilikuwa na uzito wake wote. Anamshika mtoto shingo kwa vidole viwili, anapitisha maji nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya kwapa, anamgeuza kifudifudi juu ya mkono kama mtu anayegeuza samaki asivunjike. Binti mmoja akauliza swali ambalo halikuhusu kuoga: mtoto akilia usiku na wewe ukataka kumtupa ukutani, ufanye nini? Mkeka wote ulinyamaza. Mama mnene hakushtuka, wala hakumkemea. Akamwambia, "Mlaze chini, toka nje, hesabu nyota, kisha nipigie simu. Mimi nililia mwezi mzima kwa mtoto wangu wa kwanza, na nilikuwa na mume."

Jibu lile ndilo malezi. Hakuna semina iliyoandaliwa kulitoa. Lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa amekaa mkekani muda wa kutosha hadi swali likathubutu kuulizwa.

Kazi yenyewe ina njia zake, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba mtu anaona haya kuziita huduma. Chukua kliniki. Mjamzito anapohudhuria mara ya kwanza hutakiwa aje na mwenzake, wapimwe wote na kupewa ushauri, na ni utaratibu wenye nia njema. Lakini binti wa miaka 16 anayeulizwa mbele ya foleni mwenzake yuko wapi, akaambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mara nyingi harudi mpaka tumbo limekuwa kubwa. Mwenyekiti ni rafiki wa baba yake. Huenda ndiye mjomba wa kijana. Mama wa kanisa akienda naye, akasema "huyu nimekuja naye mimi", barua inapatikana kwa dakika 10 na kadi inaandikwa. Na kliniki mapema kwa binti huyu si jambo la kupuuza: wasichana wa miaka 10 hadi 19 wanapojifungua wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na uchungu uliokwama bila msaada huacha fistula, ugonjwa ambao wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Bugando, Mwanza, kufanyiwa upasuaji. Mwanamke aliyepanda basi na binti asubuhi moja huenda amezuia miaka ya kuvuja mkojo na kujificha.

Nani ni mtoto, hilo sheria zetu zimejibu kwa sauti mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivifikisha vifungu hivyo Mahakama Kuu, na Julai 2016 vikaonekana kupingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, kumpa mimba au kumwoa mwanafunzi kukawa na kifungo cha miaka 30. Nyumbani kwetu, hata hivyo, sauti ya ng'ombe bado inasikika juu ya zote. Baba mwenye binti mjamzito anapiga hesabu: akienda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto litafungua jalada na mwanamume atakimbia, akinyamaza, huenda ng'ombe kadhaa wakaja zizini na binti "akaolewa tu". Wengi wanachagua zizi. Kanisa linalofungisha ndoa ya namna hiyo ili kuondoa aibu linashiriki kumuuza mtoto, na mchungaji anayekubali anapaswa kujua hivyo.

Kuhusu akina baba vijana tumekaa kimya kupita kiasi. Si wote ni madereva na wenye maduka. Baadhi ni wavulana wa miaka 17, waliokaa dawati moja na binti. Mvulana kama huyo akisikia, usiku uleule anapanda gari kwenda machimboni Geita au anavuka kwenda visiwani kuvua, na wazazi wake wanamwekea nauli. Wanaita kumnusuru. Kwa kweli wanamfundisha kwamba mtoto wake ni kesi ya kukimbia. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamume asiyemwoa mama kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Shilingi 100! Leo haitoshi andazi. Lakini ndani ya kanuni ile kulikuwa na wazo ambalo wavulana wetu hawalisikii tena, kwamba kuna siku ya mwisho ya kujitokeza, na siku hiyo inapimwa kwa ziwa la mama.

Nimewahi kufuatana na mchungaji kwenda kwa wazazi wa mvulana mmoja, ng'ambo ya barabara ya Bariadi. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti vya miguu mitatu. Baba alisema mwanawe bado mdogo, hajui kitu. Mchungaji akamjibu kwa upole, "Baba, ndiyo maana tumekuja. Kama angekuwa mkubwa tungekwenda kwake." Palikuwa na ukimya mrefu. Mbuzi alipita, akafukuzwa. Baadaye mama wa mvulana aliingia ndani, akatoka na kanga mpya iliyokunjwa, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Hakuna lingine lililotokea siku ile. Mvulana hakuwepo. Ila tangu siku ile bibi wa upande wa pili alianza kupita kumwona mjukuu wake, kwanza gizani, halafu mchana.

Shule nayo ilikuwa imefungwa kwa mabinti hawa kwa muda mrefu. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali, na kabla ya hapo kanuni za 2002 zilikuwa tayari zimetumiwa kuwafukuza. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza ruhusa ya kurejea, ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Binti ana miaka miwili ya kurudi katika mfumo rasmi tangu alipokatiza masomo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vinawapokea waliochelewa, na katika mpango wa Elimu Haina Mwisho mama kijana huweza kusoma na mwanawe akiwa chuoni.

Mlango umefunguliwa, basi. Lakini simama kwenye kizingiti cha nyumba ya Lamadi saa 12 asubuhi uone unavyopitika. Bibi wa mtoto anakwenda shambani, na asipokwenda hakuna chakula. Babu hajazoea kushika kichanga. Mdogo wa binti yuko darasa la tano. Waraka wa wizara hauwezi kubeba mtoto mgongoni. Miaka miwili inapita hapo, mlangoni, na binti ameshika sare iliyopigwa pasi.

Najua lalamiko linalotolewa kwenye vikao, kwa sababu nimelitoa mwenyewe zamani: tukiwasaidia hawa, tunawaonyesha wengine kwamba kuzaa kabla ya wakati kuna faida. Nimeketi na mabinti hawa. Mtu anayedhani bakuli la uji wa Jumamosi na kipande cha sabuni ni tuzo ya kumtamanisha msichana mwingine hajamwona mtoto wa miaka 15 akichechemea baada ya kushonwa. Wasichana wengine wanaona mambo mawili wanapotutazama: uchungu wa mwenzao, na kama tulimtupa au la. La pili ndilo litakaloamua kama wao, siku ya shida, watatuambia mapema au watakwenda kwa mwenye dawa za kienyeji gizani.

Ninamfikiria Hajiri wa kitabu cha Mwanzo, kijakazi aliyetumiwa tumbo lake na nyumba ya mtu wa imani, kisha akaonekana mzigo. Alikimbilia jangwani akiwa mjamzito, na kitu cha kwanza alichokipata kutoka kwa malaika wa Mungu kilikuwa swali: anatoka wapi na anakwenda wapi. Karibu na kisima. Alianza kwa kuulizwa habari zake na kusikilizwa, na kabla ya kuondoka akampa Mungu jina, la Mungu aonaye. Mabinti wa Lamadi hawajaulizwa swali hilo na watu wengi. Wanaulizwa "ni nani?", na jibu likitajwa hesabu za ng'ombe zinaanza.

Yule binti wa kadi mbili alirudi shule, kidato cha pili. Mwanamke mmoja wa kanisa, mjane, anayeuza mchicha, alijitolea kukaa na mtoto siku za masomo. Nilikuwepo Jumatatu ya kwanza. Binti alifika saa 12 na nusu akiwa na sare, mtoto mkononi, maziwa aliyokamua kwenye kikombe chenye mfuniko, na kanga aliyolalia usiku ule. Mtoto alipokewa. Binti akatoka, akafika barabarani, akarudi mbio kueleza kwamba hapendi kulazwa chali. Akatoka tena. Akarudi mara ya pili, akasimama tu. Mjane akamwambia, "Nenda, mwanangu. Kengele haikungoji."

Mtoto alilia mpaka saa 3. Mjane alijaribu maziwa, akajaribu kumtembeza kwenye bustani ya mchicha. Kisha aliichukua ile kanga ambayo haikuwa imefuliwa, akamfunga nayo mgongoni, na akarudi kwenye matuta yake kumwagilia.